Udongo wa Watu Saba

Runingu, Jumatano 18 Juni 2025

Mdogo wangu Nasoro,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na mama Rayan na Rayan mwenyewe. Mimi niko, isipokuwa nyonga. Tangu nilipoanguka wakati wa kung'oa muhogo sivuki kizingiti bila fimbo, na barabara ya kuja Uvira unajua bariere zake za wenye bunduki, hata kwa mwenye miguu mizima. Ndiyo sababu nakuandikia. Simu ninayo, lakini mtandao wa hapa huja kama mgeni asiyekaa, na jambo hili nataka liwe na tarehe na sahihi.

Mama Pudentienne, yule anayeshusha mchele wa Bwegera hadi Uvira kila Jumanne na kupanda tena Ijumaa, alinipitia wiki iliyopita. Ameniambia ziwa limekula mstari wa kwanza wa makaburi yetu ya ufukweni. "Maji iko inalamba ukuta, mama," alisema. "Mvua ikirudi, itaingia ndani kama mwenye nyumba."

Mama yetu yuko mstari wa tatu.

Nimefungua kaye yangu, daftari langu la kumbukumbu za mwaka 2009. Nakunakilia, usije ukasema nimezeeka: "Jumamosi 14 Machi. Mama amefariki saa nne asubuhi. Jana alinishika mkono akasema, Msiniache kwa maji. Mimi niliumbwa kwa udongo, sikuumbwa pamoja na ndagala wa ziwani. Nimemwahidi. Amezikwa alasiri. Kutoka langoni hatua thelathini na nne kwa kufuata ukuta, kisha kumi na moja kuelekea mlimani, mbali na maji. Jiwe lina herufi M."

Unakumbuka alivyokuwa. Miaka hamsini kando ya ziwa na hakuwahi kutia mguu ndani yake, tangu kaka yake alipozama. Hata maji ya kunywa aliyaacha mtungini siku nzima, ati yawe kwanza maji ya nyumba.

Nataka tumhamishe kabla ya mvua. Eugène, mtoto wa mjomba, ametoa mahali chini ya kilima, kwenye shamba la babu, ule udongo mwekundu ambao mama alizaliwa juu yake akiitwa bado Marie-Rose. Nilipomuuliza kama parokia yake haitanung'unika kwa kaburi la Mwislamu, amejibu kwamba shangazi ni shangazi. Ameshaanza kuchimba.

Kazi yako ya kwanza ni moja. Nenda makaburini, hesabu hatua, uniandikie namba uliyopata.

Yaya wako,
Riziki


Uvira, Ijumaa 27 Juni 2025

Yaya Riziki,

Assalam alaykum, dada yangu mkubwa. Barua yako imefika ikinuka mchele. Nimeisoma dukani mbele ya wateja, wakadhani nimeitwa mahakamani, kwa jinsi tarehe zilivyopangwa.

Pole sana kwa nyonga. Kuhusu mama, tuliza moyo. Pudentienne ni mwanamke mwema, lakini akiona dimbwi huhesabu gharika. Ziwa limeanza kurudi nyuma tangu Mei. Kaburi la mama ni safi, jiwe limesimama, na kila Ijumaa baada ya sala naenda kumsomea Yasini. Leo pia nimetoka huko.

Tena kufukua si jambo dogo. Kwanza shehe aulizwe. Pili, nani achimbe? Mimi nauza taa na betri za wavuvi, kalenda yao naijua kuliko yangu. Giza likiwepo, kila mwanaume mwenye mikono yuko ziwani anawaita ndagala kwa taa. Mwezi ukijaa, ndagala hawana haja na taa zetu, na ekipe zote za wavuvi hupanda nchi kavu siku sita au saba. Hapo ndipo watu wa huku huoa, hukandika nyumba, huhamisha mizigo mizito. Kapiteni Aimé, mmoja wa wakubwa wao, anasema mwezi mpevu ni Jumapili ya wavuvi. Kwa hiyo hata shehe akikubali leo, itabidi tusubiri mwezi.

Rayan anakusalimu. Sasa anafundisha jiografia sekondari, na anatusahihisha sote mezani.

Mdogo wako,
Nasoro


Runingu, Jumamosi 5 Julai 2025

Nasoro,

Nimekuomba namba, umeniletea hali ya hewa.

Mwezi utajaa Alhamisi tarehe 10. Hiyo ni siku tano tu. Muulize shehe, mkamate huyo Aimé kabla hajalewa Jumapili yake, mchimbe. Shimo la Eugène liko tayari, refu kama mama alivyokuwa na nusu mita juu. Amelifunika kwa majani ya migomba ili mbuzi wasianguke.

Umeniandikia habari za mwezi kama mwenye duka, nami nimemkumbuka mama kwa sababu yake. Labda wewe ulikuwa mdogo mno. Kila mwezi ulipojaa, ulipochomoza juu ya milima ya Burundi na kulaza njia yake juu ya maji hadi karibu na mlango wetu, mama alitoka uani, akainama, akabandika kiganja ardhini, kisha akakipaka kipajini. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Bado niko juu yako." Halafu akarudi kuonja mchuzi, na alama nyekundu hapa katikati ya macho.

Shangazi alimkaripia sana. Alisema hayo ni mambo ya Runingu, mwanamke aliyeolewa na Mwislamu ayaache. Mama akamjibu, "Siabudu mwezi, wifi. Mwezi ni taa tu. Nasalimia udongo, kwa sababu siku moja utanikaribisha, na mgeni asiyejulikana hulala vibaya."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimuuliza kwa nini asisalimie siku nyingine. Alisema siku nyingine udongo na mbingu kila mmoja ana shughuli zake, lakini mwezi ukijaa vinatazamana uso kwa uso, na ukiwa katikati ya watu wawili wanaotazamana, ni adabu kusema kitu.

Nimeandika hayo mara nyingi katika kaye zangu, na kila mara naona sijayafikia mwisho wake.

Namba, Nasoro.

Riziki


Uvira, Jumatatu 14 Julai 2025

Yaya,

Mwezi umepita. Upepo wa kusini ulivunja mitumbwi miwili ya ekipe ya Aimé, na siku zao zote za nchi kavu zimekwisha katika kugonga mbao. Shehe nimemuuliza. Amesema maji yakimfuata maiti, inaruhusiwa kumwondoa, kwa heshima na kwa mikono michache.

Mwezi mwingine, Mungu akipenda. Nina wateja wengi leo.

Nasoro


Runingu, Jumanne 22 Julai 2025

Nasoro,

Unapoandika kwa ufupi nakufahamu zaidi kuliko unapoandika kwa urefu. Ulipokuwa na miaka tisa ukapoteza ndala za baba, ulijibu maswali kwa neno moja moja siku tatu.

Nimemtuma Pudentienne. Yeye si Mwislamu, lakini alivua viatu langoni na kuomba ruhusa kwa mlinzi. Nilimpa karatasi yenye namba. Amerudi Ijumaa, akaketi hapa kwenye mkeka wangu, hakutaka hata maji.

"Minye nimehesabu mara mbili, mama," alisema. "Thelathini na nne, kumi na moja. Iko majani tu pale. Hata jiwe hakuna."

Nikamuuliza kama alitumia hatua zake za kubebea magunia. Alisema alitembea kama bibi harusi. Jiwe la M ameliona, lakini mbali: hatua ishirini na tisa, kisha kumi na nne.

Jiwe halitembei. Nimelala siku nne na jambo hili na nimebaki na mawazo mawili. La kwanza ni kwamba maji yalishamchukua mama, nawe umesimamisha jiwe mahali pakavu ili nisilie. La pili ni kwamba umemhamisha bila kunijulisha, ukampeleka kwa watu wa baba. Yote mawili yananifanya nisimame mlangoni nikitazama upande wa Uvira kama mtu aliyeibiwa.

Nilimwahidi, Nasoro. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Niambie mama yuko wapi.

Riziki


Uvira, Jumapili 3 Agosti 2025

Yaya wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Mke wangu ameniambia hii ya nne niifunge bila kuisoma tena.

Sijui mama yuko wapi.

Unakumbuka Aprili 2020, mito iliposhuka kutoka mlimani na kubeba nyumba. Siku ya tatu ndipo nilipoweza kufika makaburini. Ukuta ulikuwa umelala. Tope lilinifika kifuani mahali pengine, limekauka juu, bichi chini. Hapakuwa na kaburi hata moja la kuonekana. Watu walikuwa wanang'oa mawe ya majina kutoka kwenye tope kama muhogo, kila mmoja akilipata lake alilia kwa furaha, halafu akasimama nalo mikononi asijue alipande wapi. Jiwe la mama nililikuta karibu na barabara, kichwa chini.

Nilizunguka nalo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mstari niliujua, kwa sababu msingi wa ukuta wa zamani ulibaki na mstari wa tatu unaanzia kwenye kona yake. Ni makaburi saba, na tope lilipokauka na kupasuka, mabonde yake saba yalionekana. Mama ni mmoja wa saba. Lakini yupi? Nilifumba macho, nikatembea kama nilivyotembea siku ya mazishi, na miguu iliposimama nikapanda jiwe.

Lango na ukuta mpya vimejengwa baadaye, karibu zaidi na barabara. Kwa hiyo namba zako, Yaya, hata zikiwa za kweli, hazina tena mahali pa kuanzia.

Wewe wakati ule ulikuwa na siku tisa tu za ujane. Ningekuandikia nini? Nilituma neno kwamba kaburi la mama liko salama. Neno likakaa mwaka, likawa kama kweli. Kila Ijumaa kwa miaka mitano nimemsomea Yasini mtu ambaye huenda simjui. Nikimaliza husema, "Mama, kama si wewe, mfikishie." Ndiyo sababu sikutaka pachimbwe. Niliogopa majembe yangenisema.

Mvua zikianza, hao saba wote wataingia ziwani. Nimetembea pale jana. Ukingo uko hatua sita.

Nisamehe au usinisamehe, lakini nijibu.

Nasoro


Runingu, Jumatatu 25 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nimekawia. Siku kumi za kwanza nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akiandika tarehe, anaiharibu hata tarehe. Eugène aliniuliza kama alifukie shimo. Nilimwambia aliache.

Mwezi wa Agosti umejaa ukapita bila mimi kutoka nje.

Halafu nikachukua tena kaye ya 2009, nikitaka kukunakilia yale maandishi kwa mara nyingine, ili yakuumize. Nikayasoma polepole. "Amezikwa alasiri. Hatua thelathini na nne." Nikajiuliza: ni nani aliyehesabu? Sisi wanawake hatukwenda makaburini siku ile. Nilikuwa uani nafua shuka za mama. Wewe ndiye uliyerudi, na udongo mpaka magotini, ukasimama mlangoni, nikakuuliza yuko wapi hasa, ukanitajia namba. Ulikuwa na homa. Ulikuwa huli tangu juzi yake. Nami nikaandika kwa kalamu ya bluu na kupiga mstari kwa rula.

Miaka kumi na sita nimeilinda namba ile kama hati ya shamba, na yote ilikuwa neno lako tangu mwanzo. Umekosa, lakini mimi ndiye niliyelifanya kosa lionekane kama ukweli, kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri.

Kwa hiyo tusidanganyane tena. Mwezi utajaa Jumapili tarehe 7 Septemba. Wavuvi watakuwa nchi kavu. Maulidi itakuwa imepita, shehe atakuwa na nafasi. Chimbeni pale penye jiwe, kwa kuwa ndipo miguu yako iliposimama, na labda miguu ina kaye yake. Kama si mama, mfunikeni huyo mtu na kumwomba radhi. Na mwezi ukitoka, weka kiganja chini kama alivyofanya mama, kabla hujaamua lolote. Mimi nitafanya hivyo hapa saa hiyo hiyo.

Yaya wako,
Riziki


Uvira, Jumanne 9 Septemba 2025

Yaya Riziki,

Nimekaa siku mbili nikiogopa kuandika, si kwa aibu safari hii. Naogopa kuliharibu jambo tuliloliona.

Jumapili tulikuwa sita: shehe, mimi, Rayan, Aimé na wenzake wawili. Nilikuwa nimefunga, kama wengi wanavyofunga siku nyeupe, zile tatu za mwezi mpevu. Tulianza saa kumi na nusu. Udongo wa juu ni lile tope la mafuriko, gumu kama tofali. Chini yake ukabadilika, ukawa mweusi na laini. Saa kumi na moja na nusu Aimé akasimama, akaweka jembe kando, akaendelea kwa mikono. Aliona mfupa wa paja. Akaupima kwa macho, akatazama mguu wangu, akatazama tena chini.

"Muzee Nasoro," alisema taratibu, "mama yako alikuwa murefu?"

Nikamwambia mama alinifika hapa, kwapani.

"Basi huyu iko mwanaume. Tena iko murefu kunipita."

Shehe akafumba macho. Mimi nilikaa chini pale pale pembeni ya shimo. Miaka mitano ya Ijumaa, Yaya. Mmoja wa wenzake Aimé, mcheshi, akanong'ona kwamba kama kuna mtu Uvira nzima aliyelala vizuri, ni huyu bwana mrefu aliyesomewa bila kuomba. Shehe alitaka kumkemea, akajikuta anatabasamu. Tulimfunika yule mtu, nikamwomba radhi kwa sauti. Nikauliza kama tujaribu la pili. Shehe akasema hapana. Hawezi kuwaamsha watu sita kwa ajili ya mmoja.

Basi hapo ndipo nilipoona nimeshindwa kabisa, na jua likazama.

Mwezi ukatoka ng'ambo, juu ya milima ya Burundi, mzima, mkubwa, lakini kana kwamba umefunikwa na vumbi. Tulikwenda nje ya ukuta, kwenye kile kiwanja cha mchanga, nikafungua saumu kwa maji na tende. Saa kumi na mbili na nusu Aimé, ambaye macho yake hayatoki mwezini kwa sababu ya kazi yake, akasema, "Iko inaliwa." Upande wa chini ulikuwa umepungua. Ukazidi kupungua. Kwenye nyumba za jirani watu wakaanza kupiga masufuria, watoto wakapiga kelele, halafu kadiri ulivyoendelea wakanyamaza, mtaa mmoja baada ya mwingine, mpaka nikasikia mawimbi.

Saa moja na nusu ulikuwa umefunikwa wote. Lakini haukupotea. Ulikuwa mwekundu. Si mwekundu wa damu, wala wa moto. Ulikuwa rangi ya shamba la babu, Runingu, baada ya mvua. Nyota zikatoka zote kwa mara moja. Ile njia nyeupe juu ya ziwa ilikuwa imezimika, na ziwa lilikuwa jeusi, limetulia kama kitu kilichoambiwa kisubiri.

Shehe akatusalisha ile sala ya kupatwa kwa mwezi, yenye visomo virefu. Aimé na wenzake ni Wakatoliki, walikaa mchangani nyuma yetu wamevua kofia, hakuna aliyewaambia. Tulipomaliza, Rayan alikuwa bado amesimama ameinua uso. Nilimuuliza kitu kile ni nini, maana yeye ndiye mwenye vitabu. Alijibu polepole, na hakuwa na ile sauti yake ya mezani.

"Ni kivuli chetu, baba. Jua liko nyuma yetu, na dunia imekatiza katikati. Kivuli cha dunia ndicho kimeufika mwezi. Kila kilicho ardhini sasa hivi kimo ndani ya kivuli kile."

Nikamuuliza: hata walio chini? Akafikiri kama mwalimu anayetaka kujibu vizuri. "Hata walio chini," alisema. "Wao ndio ardhi yenyewe."

Yaya, nikaweka kiganja changu chini. Mchanga ulikuwa bado na joto la mchana. Nikakipaka kipajini, mbele ya shehe. Nilipoinua macho ndipo nilipouona vizuri: mwezi wenyewe ulikuwa umefanya hivyo hivyo. Ulikuwa umejipaka udongo. Mama alikuwa pale, na yule mtu mrefu, na wale wengine ambao mawe yao yamepotea, na baba, na mume wako, na wewe mlangoni kwako na fimbo yako. Sikuwa na haja ya kujua yupi ni yupi. Na njaa sikuwa nayo tena.

Niliingia ndani ya ukuta na taa ya dukani. Nikachukua konzi moja ya udongo katika kila kaburi la mstari wa tatu, makaburi yote saba, nikaitia katika mtungi wa mama, ule wa maji yake ya nyumba, ambao nilikuwa nimeuweka ghalani. Shehe alinitazama. "Udongo ni wa Mungu, chukua," alisema. "Lakini usiseme umehamisha mtu." Nikamwambia sitasema.

Karibu saa tatu ukingo mmoja ukang'aa tena, na mtaa mzima ukapumua.

Pudentienne anakuletea mtungi Ijumaa. Nimeufunga kwa kitambaa cheupe. Aimé amesema siku za mwezi mpevu wa Oktoba ekipe yake itajaza mifuko ya mchanga mbele ya mstari wa tatu. Sikumwomba.

Nasoro


Runingu, Jumapili 14 Septemba 2025

Mdogo wangu Nasoro,

Mtungi umefika mzima, na Pudentienne pia, ingawa kwa shida yake. Kwenye bariere ya pili walimuuliza amebeba nini kwenye kitambaa. Akasema udongo. Wakauliza wa nini. Akasema ni wa watu saba, na mmoja wao iko mama wa rafiki yangu. Kijana mwenye bunduki akarudi nyuma hatua mbili, akafungua kamba, akavua kofia. Pudentienne anasema hajawahi kupita bariere kwa adabu namna ile, na kwamba toka sasa atabeba udongo kila safari.

Nami niliuona. Nilikuwa nimeketi mlangoni na kaye juu ya goti, Eugène kando yangu. Niliandika: "12.27 umeanza kuliwa. 1.30 umefunikwa wote." Baada ya hapo, mdogo wangu, hakuna kitu kwenye ukurasa. Nilikuta kalamu mchangani kesho yake. Ni mara ya kwanza tangu 1974 kuacha ukurasa nusu mtupu, na sitaujaza.

Nitakuambia tu kwamba nilishuka kutoka kwenye kiti, na nyonga yangu yote, nikaweka kiganja chini, nikasema, "Bado niko juu yako." Eugène alifanya vilevile bila kuniuliza. Kumbe naye anaijua salamu hiyo. Ni bibi yetu aliyewafundisha, huku huku. Tulikaa hivyo, wazee wawili wameinama kama watu wanaotafuta sindano, na juu yetu ule mwezi wenye rangi ya mikono yetu.

Ijumaa alasiri Eugène aliondoa majani ya migomba. Shimo lilikuwa refu, na udongo uliotuma ulikuwa kidogo, haukujaza hata karai. Niliogopa ungeonekana kama dhihaka. Lakini ulipomiminwa ulikuwa mweusi juu ya ule mwekundu, ukaonekana wazi, kama mgeni aliyefika na nguo za safari. Niliwasalimia wote saba kwa sauti. Nikasema, mama, kama umo, umefika nyumbani. Na nyinyi wengine, karibuni, hapa ni pakavu. Kisha tukatupa udongo mara tatu tatu, Eugène akafanya ishara ya msalaba, nami nikasoma Fatiha, na hapakuwa na aliyemwona mwenzake amekosea.

Mtungi nimebaki nao. Nimeujaza maji, yamelala humo tangu jana.

Katika kaye nimeandika tarehe, na mahali, na majina yetu. Kwenye nafasi ya hatua nimeacha wazi.

Alfajiri ya leo mvua ya kwanza imenyesha hapa. Nimesikia imenyesha huko pia. Wahimize watu wa Aimé, kwa sababu mama ameshapata konzi yake ya nchi kavu, lakini wale wengine nao waliahidiwa kitu na mtu, na sisi hatuna namba za watoto wao.

Na Ijumaa, mdogo wangu, usiache kwenda. Msomee yule bwana mrefu kama kawaida. Amekuzoea.

Yaya wako,
Riziki